USIMZIBE MTOTO MDOMO KWA MAOMBI

Niko Kakuma. Leo sitahubiri sana. Nataka kutubu kidogo mbele yenu.

Wengi mnajua kwamba kila Ijumaa naenda shule moja ya msingi hapa kambini kwa kipindi cha PPI, ile nafasi wachungaji tunayopewa kuwafundisha watoto Neno. Mimi nimepewa gredi ya sita. Darasa lina watoto zaidi ya mia moja: wa Sudan Kusini, wa Kongo, wa Burundi, na Waturkana wenyeji wanaosoma pamoja nao.

Muhula wa tatu wa mwaka 2025 nilikuwa nafundisha Yohana 6, mikate mitano na samaki wawili. Nikapaza sauti, "Mungu wetu anaweza kulisha watu?" Wakaitikia, "Ndiyo!" Binti mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono.

"Pasta, sisi tumewekwa kundi la nne. Ina maana Mungu ametutoa kwa wale anaowalisha?"

Kwa mlio mbali: mwezi wa nane mwaka ule chakula cha msaada kilianza kugawanywa kwa makundi manne, kulingana na jinsi hali ya kila familia ilivyoonekana. Wenye shida zaidi walipata zaidi, wengine kidogo, na kundi la nne, waliohesabiwa kuwa wanajitegemea, hawakupata.

Mimi nikamjibu nini? "Binti yangu, tusinung'unike. Tuombe." Nikaomba kwa nguvu, darasa zima likasema Amina, kengele ikalia. Nikapanda bodaboda nikijiona nimefanya kazi ya Bwana.

Ijumaa iliyofuata hakuinua mkono. Iliyofuata pia. Mwalimu wao akaniita kando, chini ya mti. Akaniambia kwa heshima, "Pasta, hawa watoto hawajaacha kuuliza. Wameacha kukuuliza wewe."

Akanieleza majibu waliyojitafutia wenyewe uwanjani. Mmoja alisema kundi la nne ni la wenye dhambi. Mwingine alisema Waturkana ndio wamekula chakula chao. Mtoto wa Kiturkana akasikia, wakapigana kwenye foleni ya maji hadi mtungi ukapasuka. Yote haya yalitokea baada ya maombi yangu mazuri.

Usiku ule nilirudi kwa Yohana 6. Wapendwa, nimehubiri sura hiyo miaka mingi, lakini mstari wa tano hadi wa saba nilikuwa naupita mbio. Yesu anaona umati una njaa, na kabla ya kushukuru na kuumega mkate anamuuliza Filipo watanunua wapi mikate ya kuwatosha watu hawa. Yeye alijua atakalofanya, lakini aliuliza. Na Filipo akapiga hesabu, akataja dinari mia mbili, akasema hata hizo hazitoshi. Yesu hakumkemea. Mjadala wa bei ya chakula ulitangulia muujiza! Mimi nilikuwa nimekimbilia muujiza nikamwacha Filipo mdogo na hesabu yake.

Nikamwomba yule mwalimu anifundishe, maana yeye hufundisha watoto kwa kujadiliana. Ijumaa iliyofuata tuliwagawanya makundi ya kumi kumi. Kanuni ilikuwa moja: kabla ya kumjibu mwenzako, rudia kwanza alichosema mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema. Ubaoni akaandika maswali matatu: Tunajua nini? Hatujui nini? Tunaweza kufanya nini?

Akaanza na vitu vya nyumbani kwao. "Nani mlango wao umetengenezwa kwa mikebe ya mafuta?" Mikono mingi ikapanda. Mnaijua ile mikebe ya msaada, watu huipasua, huiponda na kuipigilia misumari kwenye mbao. "Imeandikwa nini?" Wakaanza kutaja bendera na maandishi wanayoyaona kila siku wakifungua mlango. Akachora ramani: bahari, bandari ya Mombasa, barabara ya malori kupita Lodwar hadi Kakuma. Kumbe ulimwengu wote uko kwenye mlango wa mtoto, ila hakuna aliyekuwa amemsomea.

Tukawaambia tunachojua. Kwamba Shirika la Mpango wa Chakula Duniani halitozi kodi. Linaishi kwa michango ya hiari, sana sana ya serikali. Kwamba mwezi wa kwanza mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa ikichangia kuliko wote, ilisimamisha misaada mingi ya nje. Kwamba vita vya Sudan vilivyoanza mwezi wa nne mwaka 2023 vimefukuza mamilioni ya watu, nao wanahitaji kula kutoka mfuko uleule.

Mtoto wa Kiturkana akasimama. "Nyanya yangu alikuwa hapa kabla ya kambi kuja mwaka 1992. Mbona yeye hana kadi?" Kukawa kimya. Kwa kanuni ile, mvulana wa Kongo ilibidi arudie maneno hayo kwa kinywa chake: nyanya yake alikuwa hapa kabla yetu, na hana kadi. Alipomaliza hakuwa na la kubisha. Akasema tu, "Sikujua."

Tulipofika swali la pili, wakaniuliza chakula kitarudi lini. Nikasema, "Sijui." Wapendwa, nilidhani imani yao itaanguka. Haikuanguka. Yule binti wa nyuma akainua mkono. "Kwa hiyo kundi hawakupanga kwa sababu ya dhambi?" Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Ni watu walipanga, kwa sababu pesa zilipungua. Watu wanaweza kukosea hesabu. Mungu hajakuweka kundi la nne." Akaketi. Nikageukia ubao nijifute machozi.

Swali la tatu walijibu wenyewe: hakuna kumcheka mtu kwa sababu ya kundi lake, na mwenye chakula akae karibu na asiye nacho. Kanisani nasi tuliona aibu, tukaanza sufuria ya pamoja kila Jumapili baada ya ibada. Haitoshi. Ni hesabu ya Filipo bado. Lakini tumeanza na tulicho nacho.

Kisha tukaomba. Lo! Watoto walitaja Sudan kwa jina, wakawaombea madereva wa malori, na nyanya wa Kiturkana asiye na kadi.

Mzazi, mwalimu wa Sunday school, mtumishi mwenzangu: Yesu alikuwa na miaka kumi na miwili alipokutwa hekaluni katikati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Wale walimu hawakumfukuza. Mtoto akikuuliza kuhusu vita, njaa au ukame, usikimbilie "tuombe" ili anyamaze. Keti naye. Mwambie unachojua, kiri usichojua, mtafute pamoja cha kufanya. Halafu ombeni, na maombi hayo yatakuwa na macho.

Tuombe: Baba, nisamehe kwa kila mtoto niliyemnyamazisha kwa jina lako. Nipe masikio. Katika jina la Yesu, Amina.

Mbarikiwe. Leo, kabla hajalala, muulize mtoto wako swali moja, kisha unyamaze umsikilize.