Mgeni Aliyezoea Baridi ya Kilolo

Vijana wangu wa chuoni huniuliza mara kwa mara: "Maalim, wewe ni mtu wa Tanga. Ulijuaje ya kuwa umekwisha kuwa mtu wa Kilolo?" Leo naona vyema kulijibu swali hili, kwani wengi katika sisi huhamia nchi za mbali kwa ajili ya kazi, biashara au ndoa, na si kila akaaye mahali huwa amepazoea.

Atokaye pwani kuja huku hupita Morogoro na Mikumi, kisha huingia Ruaha Mbuyuni, bondeni penye joto, mibuyu na mashamba ya vitunguu. Hapo ndipo mlangoni mwa Wilaya ya Kilolo, nayo ni wilaya tangu mwaka 2002. Mgeni huona joto lile akasema moyoni, "Kumbe habari za baridi ni uongo!" Kisha motokaa huanza kuupanda mlima Kitonga, kona baada ya kona, jabali upande huu na bonde upande huu, na hewa ikageuka. Afikapo Ilula huyaona matenga ya nyanya kando ya barabara, na mbele yake ni Lugalo, ambapo tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski. Nchi hii tangu zamani yajua kupambanua baina ya mgeni na mgeni. Penye Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, huiacha barabara kuu akapanda tena, katikati ya misindano na mikaratusi, mashamba ya mahindi, viazi na njegere. Huko ndiko niliko.

Nilifika mimi, mke wangu na binti yetu mdogo, na kanzu zetu nyepesi za pwani. Ulipoingia mwezi wa Julai, maji ya udhu yalikuwa kama sindano, na usiku hatukupata usingizi. Basi nikafanya nilichodhani ni busara: nikaingiza jiko la mkaa chumbani, nikafunga dirisha, nikaziba kwa gunia upenyo wa chini ya mlango, tukalala.

Usiku wa manane mke wangu aliamka, kichwa kikimwanga, akataka kusimama, akaanguka na kuangusha sufuria. Mimi nilisikia kama mtu asikiaye kwa mbali, wala miguu haikunitii. Jirani yetu, mzee wa Kihehe, alisikia kishindo na kilio, akaja akausukuma mlango kwa bega hata ukafunguka. Alimtoa mtoto kwanza, akamlaza nje penye baridi ile ile niliyokuwa nikiikimbia. Mtoto hakuitika. Tukamwita, tukamwita tena. Kisha akakohoa na kulia. Sijapata kusikia sauti tamu kuliko kilio kile. Kulipopambazuka tukampeleka kwa mganga wa hospitali, na alhamdulillahi akapona.

Mzee yule hakunikemea. Aliniambia tu, "Mwalimu, huku kwetu baridi haina haraka ya kuua. Moto uliofungiwa ndio wenye haraka."

Msomaji, jambo hili lashike. Mkaa uwakao katika chumba kisichopitisha hewa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu ikashika mahali pa oksijeni, na aliyelala aweza asiamke tena. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na viungo kulegea. Mwenye kuziona na atoke nje upesi, awatoe na wenziwe, kisha waende hospitali. Usidanganyike kwa kuwa mkaa umeshika vizuri na hautoi moshi. Sumu yake haionekani kwa macho.

Tangu usiku ule niliacha kujifanya mjuzi, nikawa mwanafunzi wa majirani. Wakanifunza kuvaa nguo juu ya nguo, kuchemsha maji ya udhu kabla ya alfajiri, na kuota moto jikoni pamoja na wengine, mlango ukiwa wazi.

Dalili za kuzoea zilikuja zenyewe, bila ya kuniaga. Husimuliwa juu ya wageni waliokaa sana Ujapani ya kuwa hujikuta wakiinama kwa heshima hata wanapozungumza kwa simu, ingawa hapana awaonaye. Nami siku moja kaka yangu alinipigia simu kutoka Tanga, nikamwitikia, "Kamwene!" Akaniuliza, "Nani huyo?" Nikajua ya kuwa ulimi wangu umekwisha kuhama. Mwaka uliofuata nilikwenda Tanga arusini, nikala wali wa nazi nikashiba, kisha nikatazama huku na huku nikingoja ugali.

Lakini iko dalili iliyo kubwa kuliko hizo. Wakati wa mvua watu wa huku hugema ulanzi, yaani maji ya mianzi. Ukiwa mpya ni mtamu. Ukilala huchacha ukawa kileo. Mgeni hudhani hana ila njia mbili: ama anywe ili apendwe, ama ajifungie nyumbani ili dini yake isalimike. Mimi sikushika hata moja. Nilihudhuria arusi zao na misiba yao, nikachimba kaburi pamoja nao, na kikombe nikakikataa kwa upole. Sasa nikiingia karamuni, chai yangu imekwisha kuwekwa kabla sijasema neno, na mwenye nyumba, naye ni Mkristo, huniita asubuhi nimchinjie mnyama ili Waislamu waalikwa wale bila shaka. Basi nimejua ya kuwa kuzoea si kuyeyuka kama sukari katika chai. Kuzoea ni kujulikana ulivyo, na mahali pako pakawekwa.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, kijana wa pwani alihamia nyumba ya pili pamoja na mkewe na mtoto mchanga. Jioni nilimwona amebeba jiko lenye mkaa mwekundu, aelekea chumbani. Nilikuwa nimekwisha kujifunika blanketi, lakini niliondoka mbio bila ya viatu, nikabisha hodi kwa nguvu. Nikamwambia maneno yale yale ya mzee, naye Mungu amrehemu alikuwa amekwisha kufariki. Kijana akalitoa jiko nje.

Niliporudi nyumbani mke wangu alinitazama miguu akacheka, akasema, "Maalim, leo umekuwa mwenyeji."