Alhamisi na Ijumaa Zetu za Saudia

Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani hutuuliza swali moja kila tukikutana likizoni Dar es Salaam au Mombasa: huko Saudia, kazi za wiki zikiisha, mnafanya nini? Wengi wanadhani tunajifungia ndani tukingoja siku ya kazi irudi. Leo tungependa kuwajibu, na kuwaeleza pia ule upande ambao likizoni hatupati nafasi ya kuusimulia.

Tukisema "sisi" tunakusudia kundi la wazungumzaji wa Kiswahili, watu wa Tanga, Unguja, Mombasa na Kampala, tuliofika Riyadh mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tulikuwa walimu, wauguzi, madereva na wahandisi, akiwemo mwandishi wa makala haya, ambaye shahada yake aliichukua Uingereza.

Tuanze na kalenda. Hadi Juni 2013, mapumziko ya wiki Saudi Arabia yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, na wengi wetu tulipewa Ijumaa tu na nusu ya Alhamisi. Kwa Kiswahili mambo yalikaa sawasawa, maana Jumamosi ilikuwa mosi kweli, siku ya kwanza ya kazi. Tabu ilikuwa kwa watu wa nyumbani. Harusi zao zilikuwa Jumamosi na sisi tuko ofisini. Jumapili walipokuwa na nafasi ya kuzungumza, sisi tulikuwa kwenye kikao cha mradi. Ijumaa yetu ikifika, mama yuko sokoni. Mwaka 2013 Serikali ilipohamishia mapumziko Ijumaa na Jumamosi, waliofurahi kupita wote ni wapenzi wa mpira. Mechi inayoanza saa 9 alasiri Uingereza, Riyadh ni saa 11 jioni, au saa 12 wakati wa baridi, na sasa waliweza kuitazama bila kukimbizana na foleni ya kutoka kazini.

Riyadh haina bahari, na ya Jeddah iko kilomita 950 hivi. Kwa hiyo mapumziko yetu yalianzia Batha, Alhamisi jioni. Pale tulituma pesa nyumbani, tukapiga simu kwenye vibanda, tukanunua tui la kopo, mihogo na ndizi za kupika. Adhana ikilia maduka yalifungwa, nasi tukasimama nje na orodha haijafika nusu. Hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 2021, maduka yaliporuhusiwa kubaki wazi wakati wa sala. Sinema hazikuwepo hadi Aprili 2018, na wanawake hawakuruhusiwa kuendesha gari hadi Juni mwaka huo huo. Basi kila safari ilipangwa kwa hesabu ya viti: nani anamchukua nani, na nani anawarudisha. Mwenye gari la viti saba alikuwa mwenyekiti wetu bila kupigiwa kura.

Tulikokwenda ni istiraha. Kwa asiyeijua, hiyo ni nyumba ya mapumziko nje kidogo ya mji, yenye ukuta mrefu, majani, bwawa la kuogelea, na vyumba vya wanaume na wanawake mbalimbali. Inakodishwa kwa siku, nasi tulichanga. Wanawake walipika pilau na mahamri, wanaume tukachoma nyama na kucheza bao na karata mpaka alfajiri. Watoto, ambao shuleni walisoma Kiingereza na Kiarabu, pale ndipo walipojifunza Kiswahili cha kutaniana na kugombana. Kabla ya kutawanyika bakuli lilipitishwa: huyu amefiwa, yule hana kazi na iqama yake inakwisha.

Mwaka 2009 baadhi yetu tulihamishiwa Jeddah, na mapumziko yakabadilika. Watu wa pwani tulipata upepo wa bahari tena. Baada ya isha tulitandika mikeka kando ya maji na chupa za chai ya tangawizi. Ukitembea Al-Balad, mji wa kale ulioingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, unaziona nyumba za mawe ya matumbawe, na mtu wa Lamu au Unguja haambiwi zilijengwaje. Lakini mkazi wa Jeddah hapumziki sana. Makka iko kilomita 80 hivi, na kila ndugu anayekuja umra anajua una godoro la ziada. Na ukienda Riyadh kuwatembelea wenzako, miaka ile ilikupasa ubebe maboksi ya kuku wa AlBaik ndani ya ndege, maana Riyadh hawakuwa nao.

Upande wa pili ni huu. Jioni moja, katika duka kubwa la Jeddah, tulimwita mtoto wetu kwa Kiswahili, na mwanamke aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto nyuma ya familia moja akageuka.

"Dada, mtu wa wapi wewe?"

"Kwale."

"Karibu sana. Ijumaa unapumzika? Njoo tule pamoja."

"Ijumaa ndiyo wageni wanakuja," akasema. Akaitwa, akaenda.

Maneno yale yalijadiliwa kwenye mkeka wiki nzima. Sheria ya kazi ya mwaka 2005 haikuwagusa wafanyakazi wa nyumbani. Julai 2013 zilitoka kanuni zao, zikawapa siku moja ya mapumziko kwa wiki, lakini karatasi ni kitu kimoja na mlango wa nyumba ya mtu ni kitu kingine. Siku sisi tunayopumzika, wao ndiyo siku yenye sufuria nyingi kuliko zote. Baadhi yetu walisema tusijiingize, kafili akikasirika atakayeumia ni yule dada. Wengine, hasa wauguzi, walisema kuomba si kugomba. Basi kina mama wakaanza kuwaomba mabibi wa nyumba waliokuwa wakiwafahamu, jirani kwa jirani, na sahani ya mahamri mkononi. Wengi walikataa kwa upole. Wachache walikubali, na Ijumaa moja dada watatu wakaja istiraha. Tuliwatandikia mkeka wale. Walikula kidogo, kisha wakalala palepale mpaka magharibi. Hakuna aliyewaamsha.

Baraza letu sasa ni dogo. Tangu Julai 2017 kila mtegemezi wa mgeni hulipiwa ada, iliyoanza riyali 100 kwa mwezi na kufikia 400 mwaka 2020. Mke na watoto watatu ni riyali 19,200 kwa mwaka, hesabu isiyohitaji mhandisi. Familia nyingi zikarudi nyumbani, wakabaki wanaume na simu zao. Anayefika leo Riyadh anakuta sinema, na treni za mjini zilizoanza Desemba 2024. Hata kanuni za kazi za nyumbani zimeongezwa nguvu: tangu Oktoba 2024 zinataka mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una binti wa ukoo anayejiandaa kuja kufanya kazi ya nyumbani, msomeeni mkataba kabla hajapanda ndege, na siku yake ya mapumziko ionekane kwa maandishi. Mpeni namba ya mtu anayezungumza Kiswahili katika mji anaokwenda. Nanyi mlio huku wenye magari, mkisikia lugha yenu dukani, msipite bila kusalimu na kuuliza: Ijumaa yako ikoje?