Mlango wa Jirani

Gereji yangu hapa Nyarugusu ni chumba cha miti na udongo kilichoegemea nyumba, hatua nne kwa tano, mlango wa bati. Mtu akisikia gereji anafikiria gari. Gari hapa ni za mashirika, na zina mafundi wao. Mimi natengeneza baiskeli, zile sisi wa Kongo tunaita kinga. Ndani kuna matairi, tyubu, spoki, na vyuma vingine ambavyo kwa muda mrefu hata mwenyewe sikujua vilitoka wapi. Mke wangu alikuwa anauliza, "Baba, hii nyumba ni ya watu ama ya vyuma?"

Neno "Sasambua" nililisoma ukutani, kwenye hospitali, nikingoja mtoto apimwe malaria. Yalikuwa maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Mpango wenyewe ulitoka kwenye viwanda vya Japani, na Tanzania wakautafutia maneno yao yanayoanza na S, wakaupeleka hospitali. Nikasema, kama unafaa kwa dawa na sindano, utafaa hata kwa gololi.

Na kweli unafaa. Gololi za gurudumu la mbele ni ndogo kuliko za nyuma. Ukizichanganya, gurudumu linakaza au linacheza, na mteja anarudi kesho na maneno. Basi kila saizi ina kopo lake, yale makopo ya mafuta ya kula. Spoki nazifunga kwa ukanda wa tyubu kuukuu, zinaning'inia. Spana nimezichora ukutani kwa mkaa, kila moja na umbo lake. Ikikosekana moja naiona jioni hiyo hiyo, kabla aliyeazima hajasahau kwamba aliazima. Matairi ya zamani yako chini ya paa, kwa sababu yakishika maji ya mvua mbu wanazaliana humo. Petroli ya kuoshea cheni haikai upande wa jiko. Nyumba zetu zimebanana, moto ukianza kwangu hautaishia kwangu. Kitu cha mbao hakigusi chini, kinakaa juu ya matofali, maana mchwa wa huku Kigoma hawana huruma.

Kazi ngumu ilikuwa lile neno la kwanza. Sasambua: toa usichohitaji. Sasa nitoe nini, na vitu vingi mle ndani si vyangu?

Wafanyakazi wa mashirika wakipita na kampeni za usafi wanauliza, kwa heshima kabisa, "Baba, kwa nini hivi vyote hutupi?" Swali si baya. Jibu ni refu kidogo, ndiyo maana naliandika hapa. Kambi hii ilifunguliwa 1996 kwa sisi tuliokimbia vita vya Kongo. 2015 wakaja ndugu zetu Warundi, wengi sana kwa muda mfupi. Tangu hapo watu wameondoka kidogo kidogo: huyu alirudi Burundi, yule jina lake lilitoka, akaenda Marekani. Mzigo wa kubeba una kipimo. Kinachobaki kinaletwa kwa mwenye chumba chenye kufuli, na mimi nina kufuli. "Kaka, nishikie hii." Hakuna anayesema mpaka lini. Fremu ya Phoenix, kichwa cha cherehani bila meza yake, mabati sita, mlango mzima wa mbao. Hiyo ni amana. Mtu hawezi kuichoma na takataka kwa sababu inachukua nafasi.

Nikanunua daftari. Kila kitu nikakiandika: cha nani, kililetwa lini kama nakumbuka, mwenyewe yuko wapi. Wenyewe walifika kumi na mmoja. Halafu nikaanza kuwatafuta kwa simu ya kijana wangu, jioni, bando likiwepo. Saba niliwapata. Mwenye fremu alicheka sana, alikuwa amesahau kabisa. Akasema ifunge magurudumu, uza, tugawane. (Nimeiuza, na fungu lake nimeliandika.) Dada wa cherehani hakucheka. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika, kumbe analia. Ilikuwa ya mama yake, na mama yake amezikwa hapa kambini. Nilijuta kidogo kupiga. Siku ya tatu akatuma sauti: mpe mama yule anayeshona karibu na kanisa, asiiuze, aitumie tu. Yule mama anaitumia hadi leo.

Wale wanne simu zao haziiti. Vitu vyao nimevipanga ukuta mmoja, vina majina kwa rangi nyeupe, na mimi nimepata nafasi ya kugeuza baiskeli mbili kwa wakati mmoja. Mke wangu siku hizi anaweka humo ndoo zake, na hilo nalo tutalizungumza.

Ule mlango ni wa jirani yangu Mrundi. Nyumba alipoutoa imeshaanguka. Nimeuinua juu ya matofali, nikaupaka oili chafu upande wa chini. Mwezi uliopita fundi mwenzangu alikuja na pesa mkononi, ana mahali pa kuufunga, vipimo vinaingia kabisa. Nilimwambia una mwenyewe. Akauliza yuko wapi. Nikampa namba ajaribu na yeye.