Mafuta ya Jana na Mishipa Isiyolegea



Sisi ni mafundi cherehani wa Kiloleli, Bariadi. Tunashona magauni ya harusi na kukaanga sambusa za oda. Huku ni nchi ya pamba, na mafuta ya mbegu za pamba tunayajua vizuri. Tangu mama wa mwenzetu apooze upande mmoja kwa sababu ya presha, tumekuwa tukiulizana: mafuta meusi ya karai, yanayokaangia leo, kesho na keshokutwa, yanatufanyia nini?

Mshipa wa damu ni kama lastiki ya kiuno: hutanuka, kisha hurudi. Utando laini wa ndani hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, inayoiambia misuli ya mshipa ilegee. Furchgott, Ignarro na Murad wa Marekani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa ugunduzi wao juu ya gesi hiyo. Sasa, kolesteroli husafiri katika damu ndani ya vichembe viitwavyo LDL. Vikinasa kwenye ukuta wa mshipa huoksidika, yaani huchacha kama mafuta yaliyoachwa wazi. Vikishachacha hupunguza ile gesi. Lastiki inakakamaa, na mafuta yanaanza kuganda ukutani.

Mafuta ya karai nayo huchacha kila yanaporudishwa motoni. Huko Malaysia, panya waliolishwa mafuta yaliyopashwa mara 5 na mara 10 walipanda presha, na mishipa yao ikalegea kwa shida. Panya si binadamu, lakini kwetu onyo hilo linatosha.

Wapo waliotuambia kumwaga mafuta ni israfu. Israfu kweli haifai, lakini mwili nao ni amana. Tukapatana hivi: karai dogo, mafuta kidogo, yasibaki ya kumwaga wala ya kurudia. Kukaanga kunachukua muda zaidi na faida imepungua kidogo. Tumeridhika.

Bibi harusi wetu, ukija kupimwa gauni, pitia zahanati upimwe na presha, maana mara nyingi haina dalili. Kwenye walima, muulize mpishi mafuta ni ya lini. Na mchumba akivuta sigara, mwambie kwa upole kuwa moshi nao huchachisha vichembe hivyo.

Allah atujaalie afya na ndoa zenye kheri. Aamin.