Rimu za Inchi 18 Katika Mlima Magara

Ukisimama jioni penye kituo cha mafuta pale Babati, hutakosa kuiona motokaa moja ya Kijapani iliyolala chini kama paka anayevizia, rimu zake zikimeremeta kuliko bodi, na mpira wake mwembamba kama mkanda wa suruali. Vijana huisifu, wala mimi siwalaumu, kwa maana kitu kizuri husifiwa. Walakini, kabla mwenye gari hilo hajageuza usukani kuelekea Mbulu, ningependa kumwuliza jambo moja tu: kutoka ukingo wa rimu hadi ardhini, mpira wako una milimita ngapi?

Swali hili limenikaa moyoni tangu Machi, 2022. Dada yangu mkubwa anaishi katika kijiji kimoja karibu na mji wa Mbulu, na kwa sababu ya maradhi ya moyo hana budi kwenda kila mwezi hospitali ya Haydom, ile iliyofunguliwa na wamisionari wa Norwe mwaka 1955. Mwanawe wa kwanza anafanya kazi Dar es Salaam. Kijana huyu alijinyima miaka minne, hatimaye akanunua Toyota Altezza, gari la spoti la milango minne, na safari yake ya kwanza akaikusudia iwe ya kumpeleka mama yake hospitali ndani ya gari la nyumbani, asibanwe tena katika basi. Nia gani iliyo njema kuliko hiyo? Ila hakuridhika na rimu zilizokuja na gari. Alinunua nyingine za inchi 18, akazivisha matairi ya 215/35, akaniletea picha.

Kutoka Dar es Salaam hadi Babati ni lami, na gari liliteleza kama mashua. Akafika Mbuyu wa Mjerumani, akaiacha lami, akalivuka daraja jipya la Magara, akaanza kuupanda ukuta ule wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likiwa nyuma yake. Kona kali za mlima ule zimewekwa zege, na kwa hilo wananchi wanashukuru. Lakini kabla ya zege yapo mawe. Jiwe moja, wala halikuwa kubwa, liliipasua rimu ya mbele kushoto. La pili liliipinda ya nyuma. Tairi la akiba lilikuwa moja.

Dada alikuwa amefunga mkoba wake tangu alfajiri. Siku ya kliniki ikapita, na vidonge vilikuwa vimekwisha. Alifika Haydom siku tatu baadaye, kwa gari la kukodi, miguu imevimba hata viatu havikuingia. Namshukuru Mungu kwamba alihudumiwa na anaendelea vizuri. Lakini tangu siku hiyo sikubali tena kuambiwa kwamba ukubwa wa rimu ni jambo la urembo na la vijana peke yao.

Hebu tuzisome pamoja zile tarakimu zilizo ubavuni mwa tairi. Chukua 215/35R18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, nacho huhesabiwa kwa asilimia ya upana ule: asilimia 35 ya 215 ni kama milimita 75. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Sasa fungua mlango wa dereva wa Altezza ya mpwa wangu, utazame kibandiko kilicho katika nguzo: kiwanda kimeandika 195/65R15. Asilimia 65 ya 195 ni kama milimita 127. Basi mpira uliopaswa kulipokea jiwe la Magara ulikuwa na kimo cha milimita 127, na kijana akalipelekea milimita 75. Kilichokosekana kilikamilishwa na rimu yenyewe, nayo ni madini, haibonyei ikarudi.

Hasara haikuishia hapo. Tairi la kiwandani lina kipenyo cha milimita 634 hivi. Lile la inchi 18, ingawa rimu yake ni kubwa, lina 608 tu. Watu wengi hudhani rimu kubwa hulinyanyua gari. La hasha! Hapa lilishuka milimita 13 zaidi, na kipima mwendo nacho kikaanza kusema uongo, kikionyesha kilomita 100 wakati gari linakwenda 96. Mafundi waangalifu husema tofauti ya kipenyo isizidi asilimia tatu. Hii ilizidi asilimia nne.

Tena ipo ile namba ndogo inayofuata, ambayo hata wauzaji aghalabu hawaitaji. Ni alama ya uzito. Tairi lenye alama 91 hubeba kilo 615. Lenye 84 hubeba kilo 500, yaani kilo 115 pungufu kwa kila gurudumu. Anayeendesha peke yake mjini hatauona upungufu huo. Lakini sisi tunaposafiri kwenda nyumbani, nani huenda peke yake? Wamo watu watano, gunia la maharage, na jogoo wa mkwe.

Mpwa wangu alinijibu, ‘Mjomba, hili ni gari la spoti, litavaaje viatu vya mzee?’ Nikamkumbusha Datsun 240Z. Hilo lilikuwa gari la spoti hasa, la milango miwili, boneti ndefu, na kwa gari hilo Edgar Herrmann alishinda Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mwaka 1973. Wakati ule mashindano hayo yalikuwa bado yakipita hata Tanzania, kwenye vumbi na tope la Pasaka. Na gari hilo liliuzwa likiwa na rimu za inchi ngapi? Inchi 14! Tairi lake lilikuwa na upana wa milimita 175, na ubavu wa karibu milimita 140. Waliokwenda mbio kuliko sote katika barabara zetu hawakuuonea haya mpira mnene. Huu mtindo wa rimu kubwa ulizaliwa katika viwanja vya mashindano vyenye lami laini kama sakafu, na huko unafaa, kwa kuwa ubavu mfupi hauyumbi gari linapokata kona.

Kijana alikubali, ila akataka kununua rimu za bei nafuu zilizotoka katika Subaru Impreza ya miaka ya 1990. Zina matundu matano ya nati, na Altezza ina matano. Hapo fundi mmoja mzee wa Babati akamzuia, akachukua rula. Matundu ya Altezza yamepangwa katika duara la milimita 114.3, ya Impreza ile, 100. Hayaingiliani hata ukilia. Kadhalika tundu la katikati linapaswa kuwa milimita 60.1 ili rimu ikae barabara juu ya habu. Kisha kuna jinsi rimu inavyoingia ndani: ile ya Altezza uso wake unaobana habu uko milimita 50 nje ya mstari wa katikati. Ukifunga yenye 35, gurudumu zima litatoka nje milimita 15, litasugua madigadi gari likijaa watu, na beringi zitachoka kabla ya wakati wake. Na anayepunguza rimu apime pia kama breki za mbele zinaenea ndani yake. Gari lililotoka kiwandani na breki kubwa huenda likaikataa inchi 15.

Hatimaye alipata rimu za chuma za inchi 15, za gari la aina hiyohiyo, na matairi manne ya 195/65. Yule fundi akamwonyesha pia tarakimu nne zilizo ndani ya kiduara ubavuni: 2321, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Matairi ya mtumba aliyoyatazama kwanza yalikuwa na kashata nzuri, lakini yaliandikwa 1109. Miaka 13! Mpira wa umri huo hupasuka ukiwa bado unapendeza machoni.

Gari sasa amemwachia mdogo wake aliyeko Mbulu, na kila mwezi ndiye anayempeleka mama yao Haydom. Rimu mbili zilizosalimika zimo chini ya kitanda cha dada, zimefungwa kwa magazeti. Zinangoja mnunuzi wa mjini.