Siku Moja Kisumu: Kiswahili Ukingoni mwa Ziwa

Msomi wa Kiswahili anapotajiwa mji wa kale, aghalabu fikra zake hukimbilia Lamu, Mombasa au Unguja. Ni haki yake. Hata hivyo, sisi tuliozaliwa kandokando ya Ziwa Viktoria huulizwa mara kwa mara: "Mjaluo na Kiswahili, wapi na wapi?" Swali hilo huulizwa kwa utani, lakini humchoma anayeandika tasnifu ya fasihi ya Kiswahili. Ndiposa Jumamosi moja nikaamua kuuzuru mji wa Kisumu peke yangu, kwa miguu, kana kwamba ni mgeni.

Nilianzia kwenye stesheni ya reli, jirani na bandari. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika hapa Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Jina hilo halikudumu; la wenyeji, linalohusishwa na mahali pa kubadilishana vyakula, ndilo lililoshinda. Wala Kiswahili hakikungoja garimoshi: misafara ya pwani ilikuwa imekwisha kufika Mumias, kaskazini mwa hapa, kabla ya reli.

Kutoka hapo nilipanda hadi Barabara ya Oginga Odinga, nikasimama mbele ya mnara wa saa ambao familia ya Kassim Lakha, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, iliujenga kumkumbuka. Kisha nikasikia adhana kutoka Msikiti wa Jamia. Mji huu, tangu utoto wake, umekuwa wa watu wengi, na watu wengi huhitaji lugha moja ya kupatania bei.

Sokoni nililisikia hilo waziwazi. Mama aliyenisalimu kwa Kijaluo alimgeukia mteja wa pili na kusema: "Omena hizi ni za leo, dada, chukua gorogoro moja." Mtanzania angesema dagaa, lakini ni ziwa lilo hilo. Kijaluo nacho kina otanda, mesa na sabun, maneno yenye nasaba na kitanda, meza na sabuni. Meza yenyewe ilitoka kwa Wareno, na sabuni kwa Waarabu. Maneno hayaulizani kabila mlangoni.

Alasiri niliingia Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka wa 1980, ambako pamejengwa boma la Kijaluo liitwalo Ber-gi-dala. Humo kila nyumba ina daraja na jina lake: ya mikayi, mke wa kwanza, ya nyachira, wa pili, ya reru, wa tatu. Kiswahili husema mke mkubwa na mke mdogo. Atakayeandika riwaya ya boma hili hana budi kukopa, na kukopa huko kutaitajirisha lugha, kama pwani ilivyotajirika kwa kukopa ng'ambo ya bahari.

Wanafunzi wenzangu, safari zetu za kitaaluma ziendelee kwenda Lamu, lakini zifike pia Kisumu. Wazee waliouza, walionunua na waliosali kwa Kiswahili katika mji huu wanapungua mwaka hadi mwaka, na kumbukumbu zao bado hazijaandikwa. Aulizaye "wapi na wapi" tumjibu kwa utafiti: kuanzia Mombasa hadi ukingo wa ziwa, na zaidi.