Binti Aliyevitupa Vifaa vya Masikio

Sisi wauguzi tunaokaa kliniki ya watoto huwasikia akina mama wakilalamika: "Mwanangu huyu mkaidi, namwita mara tatu haitiki." Tunapompima mtoto, mara nyingine tunakuta si ukaidi bali ni masikio. Kwa hiyo, akina mama wapenzi, tumeona vema tuwaletee habari za Tamika Catchings, Mmarekani aliyecheza mpira wa kikapu wa kulipwa kwa misimu 15, huku akiwa amezaliwa na upungufu wa kusikia katika masikio yote mawili.

Tamika alizaliwa Julai 1979 katika jimbo la New Jersey. Baba yake, Harvey Catchings, alikuwa mchezaji wa ligi ya wanaume, NBA, kwa misimu 11. Mama yake ni Wanda. Ana kaka, Kenyon, na dada aliyemtangulia, Tauja. Kazi ya baba iliihamisha familia mara nyingi, wakafika hata Italia. Huko walifahamiana na familia ya mchezaji mwingine Mmarekani, Joe Bryant, aliyekuwa na mtoto wa kiume aitwaye Kobe. Nani angejua kwamba watoto wale wawili wangekuja kuchaguliwa pamoja, mwaka 2020, kuingia katika Jumba la Mashujaa wa mpira wa kikapu! Kobe hakuiona siku hiyo, kwani alifariki Januari ya mwaka huohuo.

Kuhama si jambo zito kwa mtoto mwenye afya. Kwa mtoto asiyesikia vizuri, kila shule mpya ni watoto wapya wa kumkodolea macho. Tamika alivaa vifaa vya kusaidia kusikia, ambavyo miaka ile vilikuwa vikubwa na vya kuonekana, akavaa na miwani. Matamshi yake nayo hayakuwa sawa. Jambo hili tungependa mlielewe: mtoto wa namna hii si kwamba hasikii kabisa. Husikia sauti nzito, lakini zile nyembamba kama "s", "f" na "th" humpita. Asichokisikia hawezi kukitamka, na wenzake humcheka kwa hilo.

Siku moja, akiwa bado katika madarasa ya chini ya shule ya msingi, akitoka shuleni kwenda nyumbani, alivivua vifaa vile akavitupa majanini. Havikuonekana tena. Wazazi wake wakamwambia hawatanunua vingine.

Hapa tulipokuwa tukijadiliana tuligawanyika. Wapo kati yetu waliowasifu wazazi hawa kwa kumfundisha mtoto thamani ya vitu. Sisi tuliosomea uuguzi hatuwezi kuwashauri mfanye vivyo hivyo. Mtoto akikosa kusikia katika miaka ya kujifunza lugha, huachwa nyuma, na si kila mtoto ana nguvu za kufidia. Tamika alizipata. Alikaa dawati la mbele, akajifunza kuyasoma maneno midomoni mwa msemaji, akasoma vitabu kwa bidii ili asitegemee tu maneno ya mwalimu. Na uwanjani, macho yake yaliyozoea kuchungulia kila kitu yakawa faida. Aliona pasi kabla haijatolewa. Huko hakuna aliyemuuliza habari za matamshi. Waliuliza amefunga pointi ngapi.

Mwaka 1995 yeye na Tauja waliipa shule yao ya sekondari ya Stevenson ubingwa wa jimbo la Illinois. Wakati huohuo ndoa ya wazazi wao ilikuwa inavunjika. Tamika akaenda na mama yake Texas, Tauja akabaki Illinois na baba. Mama yeyote aliyewahi kuona watoto wake wakigawanywa anajua kwamba hilo haliponywi na vikombe, ingawa Tamika aliendelea kuvipata. Huko Duncanville, mwaka 1997, katika mchezo mmoja alifunga pointi 25, akadaka mipira 18 iliyokosa kikapu, akawapa wenzake pasi 11 za kufungia, akapokonya mipira 10 na kuzuia mitupo 10.

Alipoingia Chuo Kikuu cha Tennessee alimkuta kocha Pat Summitt, mama mkali ambaye wachezaji walimwogopa na kumpenda. Summitt hakuridhika na pointi tu. Alimhimiza arudie kuvaa vifaa vya masikio na kuonana na mtaalamu wa matamshi. Baada ya miaka yote ile, binti akakubali. Sisi tunaona huyu ndiye aliyemtibu. Msimu wake wa kwanza, 1997 hadi 1998, timu ilishinda michezo 39 bila kushindwa hata mmoja.

Januari 2001 alichanika kano ya goti. Hata hivyo Indiana Fever ilimchagua mwaka huohuo, ikamsubiri apone. Mwaka 2002 alikuwa mchezaji bora kati ya wapya, mwaka 2011 mchezaji bora wa ligi nzima, na mwaka 2012 timu yake ikatwaa ubingwa. Medali za dhahabu za Olimpiki alipata nne, kuanzia 2004 hadi 2016, mwaka alioacha kucheza. Mama Summitt alifariki Juni ya mwaka huo, baada ya kuugua ugonjwa wa kusahau.

Mwaka 2004 Tamika alikuwa ameanzisha mfuko wa kuwasaidia watoto wa Indianapolis kwa michezo na masomo, uitwao Catch the Stars. Katika kazi hiyo msaidizi wake amekuwa Tauja, dada yule aliyebaki Illinois.